Kilobaiti 32 za Mjomba

Mjomba aliutua mfuko juu ya meza yangu ya ufundi pale Ngamiani, mjini Tanga, akaitikia shikamoo yangu bila kuniangalia, kisha akaanza kutoa vitu kimoja kimoja: kanda za kaseti zilizofungwa pamoja kwa mpira, daftari la hesabu lililolika pembe, na mwisho kompyuta ndogo nyeusi yenye vibonye vya mpira wa kijivu na michirizi ya rangi nne kwenye kona.

"Hii ni ya K kumi na sita," alisema. "Kanda hizi zote zinataka arobaini na nane. Nilizinunua nikijua safari itakayofuata nitaiongezea kumbukumbu, kisha nikahamishwa meli."

Nilizigeuza kanda mkononi. Karibu kila jalada lilikuwa na maandishi yaleyale, 48K, yaani kilobaiti 48 za kumbukumbu, na baadhi ya kanda zilionekana wazi kwamba hazijawahi kuchezwa hata mara moja.

Alitaka kujua tu kazi itakuwa tayari lini.

Kwa wiki nyingi baada ya hapo kuna jambo lilinikaa kichwani, nalo halikuwa la ufundi. Kuongeza kumbukumbu katika mashine ya aina hii ni kazi inayojulikana, na vipuri vyake vinapatikana kwa anayejua pa kutafuta. Kilichonisumbua ni kwamba mashine iliyokaa miaka arobaini bila kuguswa ndani imekuwa kitu cha namna yake, na kila chipu ninayoiongeza inaiondoa kidogo katika hali aliyoinunua nayo mwenyewe. Wako watu, hasa wakusanyaji wa Ulaya, ambao kwao kubadilisha hata kapasita moja ni kuharibu. Wako wengine wanaotoa kila kitu wakabakiza ganda. Sikuwa na hakika mimi niko upande gani, wala sikutaka kuushika bisibisi kabla sijajua.

Soketi zilizosubiri

Kompyuta yenyewe ni ZX Spectrum, iliyotolewa na kampuni ya Sinclair ya Uingereza mwezi Aprili 1982 kwa namna mbili: ya kilobaiti 16 kwa pauni 125, na ya kilobaiti 48 kwa pauni 175. Mjomba, aliyekuwa baharia, aliinunua mwaka 1983 meli yao ikiwa bandarini huko, akachukua ile ndogo kwa sababu mshahara haukuruhusu nyingine. Haikuja Tanga. Ilishukia Mombasa kwa mkewe, kwa kuwa huku kwetu kompyuta na televisheni zilikuwa zimepigwa marufuku kuingizwa nchini tangu 1974, na Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi 1994. Kompyuta isiyoweza kuonyesha kitu bila televisheni ingefanya nini Ngamiani? Ilivuka mpaka wa Horohoro baadaye sana, ndani ya sanduku la nguo, ikapandishwa juu ya kabati.

Nilipoifungua niliona kwanza kile upepo wa bahari unachokifanya. Miguu ya chipu ilikuwa imepiga weusi, skrubu mbili zilikuwa na kutu, na chini ya kibodi kulikuwa na unga mweupe wa chumvi pale ambapo ganda halikufunga vizuri. Lakini nilichokuwa nikikitafuta kilikuwa palepale: safu ya soketi tupu, nane za chipu za kumbukumbu na nne za saketi ndogo za kuziongoza, zote zimelehemiwa kiwandani na zote hazina kitu.

Nilizitazama kwa muda mrefu.

Aliyeibuni bodi hii aliitoa kiwandani akijua kwamba haijakamilika. Mwenye pauni 175 aliipata imejaa, na mwenye 125 aliuziwa bodi hiyohiyo ikiwa na nafasi, ili siku akipata fedha azijaze. Hoja ya kwamba kuitia kumbukumbu ni kuiingilia mashine ilianza kulegea hapo, ingawa haikuanguka. Soketi zilisubiri chipu za mwaka 1983, nami chipu za mwaka 1983 sikuwa nazo.

Umeme kabla ya yote

Fundi yeyote aliyewahi kuzishika mashine hizi atakuambia kwamba haziuliwi na uzee, zinauliwa na adapta. Spectrum inataka volti 9, na ncha ya katikati ya plagi yake ni hasi. Adapta za ruta zilizojaa madukani hapa mjini, ambazo plagi zake zinaingia bila shida, katikati ni chanya. Anayechomeka bila kupima kwa mita anaweza kuua mashine kabla mkono wake haujaondoka kwenye swichi. Adapta ya Mjomba ilikuwa imepotea Mombasa, kwa hiyo nilitengeneza waya wangu, nikaupima, nikaubandika karatasi yenye maandishi mekundu, kisha nikaupima tena.

Ndani kuna hatari ya pili, ambayo haionekani. Kilobaiti 16 za mwanzo zimo katika chipu nane za aina ya 4116, kizazi cha zamani kinachotaka umeme wa namna tatu kwa pamoja: volti 12, volti 5, na volti 5 hasi. Hiyo hasi ikikosekana huku nyingine zipo, chipu hizo huungua. Umeme wa 12 na wa hasi huzalishwa na saketi ndogo yenye koili na transista mbili, na transista moja kati ya hizo ni maarufu kwa kufa. Kwa hiyo nilianza kwa kupima mguu wa 1, wa 8 na wa 9 wa chipu ya kumbukumbu, nikapata hasi tano na pungufu kidogo, kumi na mbili, na tano.

Zote tatu zilikuwepo. Nilishusha pumzi.

Kipuri cha kwanza nilichokibadilisha sikukisitia hata kidogo, nacho ni regyuleta ya 7805. Kazi yake ni kushusha volti 9 zifike 5, na namna yake ya kuzishusha ni kuzigeuza zinazozidi kuwa joto, ndiyo maana imefungwa kwenye bamba la alumini linalochukua nafasi kubwa ya upande mmoja wa ganda. Uingereza joto hilo pengine lilikuwa la kupendeza. Tanga, mwezi Februari, chumba chenyewe kikiwa kimezidi nyuzi 30, kila chipu iliyo karibu na bamba hilo inapikwa. Siku hizi kuna moduli ndogo yenye miguu mitatu ileile, inayokata umeme kwa kasi badala ya kuuchoma, na upotevu wake hauzidi sana asilimia kumi. Inakaa katika matundu yaleyale matatu. Regyuleta ya zamani niliitia kwenye mfuko mdogo wa plastiki pamoja na bamba lake, nikamkabidhi Mjomba. Yeye akaniuliza ya kazi gani, nikamwambia ni yake.

Kapasita za zamani nilizibadilisha zote. Hapo sina maelezo marefu: zilikuwa zimekauka, na kapasita iliyokauka haina historia ya kuhifadhiwa.

Chipu zenye nusu iliyokufa

Sasa ikabaki kumbukumbu yenyewe. Chipu zilizokusudiwa kwa soketi zile zinaitwa 4532, na kila moja inabeba biti 32,768. Kuzipata leo ni shida na bei yake inawekwa na wakusanyaji. Mbadala wake unajulikana: chipu ya 4164, yenye uwezo mara mbili, ambayo ilijaa katika kompyuta za ofisi za miaka ya themanini. Unaitia kwenye soketi ileile, unaunganisha kiungo kidogo cha waya kwenye bodi ili kuchagua nusu itakayotumika, na nusu ya pili inabaki bila kazi maisha yake yote.

Nilikuwa na bodi moja ya kompyuta ya ofisi niliyoinunua kwa kilo kwa wauza vyuma chakavu. Chipu za 4164 zilikuwa zimepangwa humo tisa kwa safu, nane za data na ya tisa ya kukagua makosa, na nilihitaji nane, kwa hiyo safu moja ingenitosha na kunibakizia ya akiba. Hata hivyo niliiacha bodi hiyo rafuni. Nilijiambia kwamba kutia chipu ya uwezo wa 64 mahali pa chipu ya 32, kisha kuificha nusu yake, ni ujanja wa fundi wa mtaani, na kwamba Mjomba anastahili kipuri halisi.

Nilianza kuuliza bei ya 4532 kwa watu walio mbali, na ni katika kuisoma habari yake ndipo msimamo wangu wote ulipogeuka.

Chipu ya 4532 haikutengenezwa kama chipu ya 32. Ilitengenezwa kama chipu ya 64, ikapimwa kiwandani, ikakutwa nusu yake moja haifanyi kazi. Badala ya kuitupa, watengenezaji waliipa namba nyingine wakaiuza kwa bei ya chini kama chipu ya 32, na Sinclair, aliyetaka kuwauzia watu kompyuta kwa bei ambayo wenzake hawakuiweza, akazinunua kwa wingi. Kile kiungo cha waya kwenye bodi, nilichokuwa nikikiona kama mlango wa ujanja wangu, kiliwekwa na wabunifu wenyewe kwa sababu baadhi ya chipu zilikufa nusu ya juu na nyingine nusu ya chini, na bodi ilibidi iambiwe imepewa zipi.

Niliisoma habari hiyo usiku, na asubuhi yake nikaishusha bodi ya chakavu kutoka rafuni.

Sikuwa nimeelewa kabla ya hapo kwamba hicho nilichokuwa nikikiita uhalisi, nikikiogopa na kukitafuta kwa bei kubwa, tangu mwanzo kilikuwa hesabu ya mtu mwenye fedha kidogo anayetumia nusu iliyobaki nzima. Fundi wa Ngamiani anayetoa kipuri kizima katika kifaa kibovu hafanyi jambo geni kwa mashine hii. Tofauti pekee ni kwamba nusu nitakayoiacha mimi haina ugonjwa.

Namba iliyojitaja yenyewe

Zile saketi nne za kuongoza, mbili za 74LS157, moja ya 74LS00 na moja ya 74LS32, niliagiza Dar es Salaam zikaja kwa basi ndani ya kasha la dawa ya meno. Chipu za kumbukumbu nilizilehemua polepole, nikazisafisha miguu kwa spiriti, nikazipachika. Kompyuta hii ina namna yake ya kukuambia ina kumbukumbu kiasi gani. Inapowashwa hujaribu kila baiti kutoka mwanzo hadi mwisho, na pale inapokutana na baiti isiyojibu husimama na kuandika mahali maalumu anwani ya baiti ya mwisho iliyojibu. Unaweza kuisoma kwa amri moja:

PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733

Ya kilobaiti 16 hujibu 32767. Ya 48 hujibu 65535. Yangu, ikiwa na chipu zote kumi na mbili ndani yake, ilijibu 32767.

Mtu anaweza kuanza kung'oa chipu moja moja hapo, na wengi hufanya hivyo. Lakini mashine za kizazi hiki zina uaminifu ambao simu yangu haina: zinakuruhusu kuuliza swali dogo kabisa na kupata jibu dogo kabisa. Niliiamuru iandike sifuri katika anwani 40000, iliyo ndani ya kumbukumbu mpya, kisha inisomee kilichomo. Ikasoma 32. Nikajaribu anwani nyingine, nako ikasoma 32.

Katika mpangilio huu kila chipu hubeba biti moja tu ya kila baiti, kwa hiyo chipu nane zina thamani ya 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128. Sifuri inayorudi kama 32 maana yake chipu saba zimetii na moja inayobeba thamani ya 32 inajibu moja hata ikiambiwa sifuri. Namba ilijitaja yenyewe. Niliiendea chipu ya sita, nikaitoa, nikatia kioo cha kukuzia ndani ya soketi yake, nikaona kipande kimoja cha shaba kimepiga kijani. Ilikuwa soketi ambayo haikuwahi kuguswa na mguu wa chipu tangu itoke kiwandani, na chumvi yetu ilikuwa imeiwahi.

Nilikikwangua kwa ncha ya pini, nikapitisha spiriti, nikairudisha chipu. Amri ileile ikajibu 65535.

Kuna jambo ambalo Mjomba alilifurahia kuliko hata ukubwa. Kilobaiti 16 za mwanzo zinatumiwa na wawili, yaani prosesa na ile chipu inayochora picha kwenye skrini, na mchoraji akitaka kusoma prosesa husimamishwa kungoja. Kilobaiti 32 za juu ni za prosesa peke yake, kwa hiyo programu inayokaa huko hukimbia bila kukatizwa. "Kumbe nilikuwa nimepanga chumba na mtu," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Bodi ya mjukuu

Picha ilikuwa bado inapita njia ya zamani, kwa mawimbi ya UHF chaneli ya 36, na ilionekana kwenye televisheni ikiwa imejaa chengachenga. Nchi yetu ilianza kuzima mitambo ya analojia mwishoni mwa 2012, na televisheni zinazouzwa sasa huitafuta chaneli ya namna hiyo kwa shingo upande. Nilikata muunganisho wa modyuleta, kile kisanduku kinachoigeuza picha kuwa mawimbi, nikaipeleka ishara ya picha moja kwa moja kwenye tundu lilelile la nyuma, ikaingia kwenye tundu la manjano la televisheni, na maandishi yakakaa meusi na makali. Modyuleta yenyewe niliiacha ndani. Waya mbili zikirudishwa, inafanya kazi kama zamani.

Ndipo alipokuja mjukuu wake, anayesoma chuo, akasimama mlangoni akiangalia kanda ikipakia, mistari ya bluu na manjano ikikimbia pembezoni mwa skrini. Kanda ya kilobaiti 48 huchukua kama dakika tano.

"Kaka, kwa nini msitie tu bodi ndogo ya kisasa humu ndani?" aliniuliza. "Inaiga hii kompyuta yote, ina michezo yote duniani, na babu hatangoja."

Swali lake halikuwa la kijinga, na kwa siku kadhaa lilinirudisha katika shaka ambayo nilidhani nimeimaliza. Kama uhalisi wa kipuri si kitu, basi kwa nini nisivitoe vyote? Nilikuwa nimekubali regyuleta mpya, kapasita mpya, chipu kutoka kwenye chakavu, picha kwa njia mpya. Mpaka uko wapi?

Jibu nililolifikia si la kila mtu. Kila nilichokitia kilikuja kuisaidia prosesa ileile ya Z80, inayokwenda kwa megahezi 3.5, ifanye kazi ileile iliyoifanya Mombasa. Bodi ya mjukuu ingekuja kuifanya kazi hiyo badala yake. Ni sawa na kufunga mlingoti wa ngalawa juu ya boti ya fibaglasi yenye injini: ukiwa ufukweni unaona tanga, lakini upepo ukikoma chombo kinaendelea kwenda. Sina ugomvi na boti ya fibaglasi. Ila sikuitiwa kuitengeneza.

Kifaa cha kadi ya kumbukumbu kinachochomekwa nyuma, kwenye meno ya nje ya bodi, nilimwambia hicho nitakikubali siku babu yake akikitaka, kwa kuwa kinachomeka na kuchomoka. Alinisikiliza kwa adabu, na nadhani hakukubaliana nami.

Daftari

Nilikuwa nimedhani muda wote kwamba Mjomba alitaka michezo iliyo katika zile kanda. Tulipakia mmoja, akautazama, akasema rangi ni nzuri, akazima. Kisha akafungua daftari.

Ndani mlikuwa na programu ndefu ya BASIC, lugha ya kuiamuru kompyuta hii, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, mistari imepangwa kumi kumi kama ilivyokuwa desturi, na mingine imechomekwa katikati kwa namba zisizo za kumi. Alikuwa akihesabu maji. Maji ya pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila kujaa kukija kwa wastani wa saa 12 na dakika 25 baada ya kule kulikotangulia, na wakati wa bamvua tofauti ya kupwa na kujaa huzidi mita 3. Programu yake ilianza na bandari moja, Kilindini ya Mombasa, kisha alitaka kuongeza Tanga, Wete na Zanzibar, kila moja na tofauti zake, pamoja na siku za mwezi mwandamo kwa mwaka mzima zikiwa katika jedwali.

Katika mashine ya 16, skrini na mahitaji ya mfumo yakishachukua sehemu yake, mtumiaji hubakiwa na takriban kilobaiti 9. Alipofika kwenye jedwali la Tanga alipata ujumbe namba 4, wa kuishiwa na kumbukumbu. Alifuta maelezo, akafupisha majina ya bandari yakawa herufi moja moja, akaupata tena ujumbe uleule. Ukurasa huo wa daftari una mstari mrefu wa wino ulioukata kwa hasira, na chini yake, kwa maandishi madogo, "ngoja 48".

Kwa hiyo zile kanda zilikuwa kando tu, na mimi nilikuwa nimeyatumia majuma yangu nikijadiliana nafsini kuhusu uhalisi wa chipu, wakati mwenye mashine alikuwa na kazi aliyoiacha katikati kwa kukosa nafasi ya kuiandika. Kama ningekuwa nimechagua upande wa wakusanyaji, ningemrudishia mashine safi kabisa, na ujumbe namba 4 ndani yake.

Aliiandika upya jioni baada ya jioni, kwa vidole viwili, akikataa nimsaidie. Sasa nafasi aliyonayo ni takriban kilobaiti 41, na majina ya bandari ameyaandika kamili. Tanga inatoka mapema kidogo ikilinganishwa na jedwali la maji, Wete inakaribia, na Zanzibar ameniambia bado, kwa sababu tofauti aliyoitumia aliipata kwa nahodha mmoja ambaye sasa hamwamini. Akimaliza kila jioni anahifadhi kwenye kanda, upande wa pili wa mmojawapo wa ile michezo aliyoinunua, nami nainakili sauti hiyo kwenye simu bila kumwambia.

Kazi iliyobaki ni ya kibodi. Chini ya vibonye kuna utando wa plastiki wenye mikia miwili inayoingia kwenye bodi, na mikia hiyo ikizeeka hukauka na kupasuka inapokunjwa. Safu ya chini upande wa kulia imeanza kukataa, nako ndiko kiliko kibonye cha alama, ambacho bila hicho huwezi kuandika hata jumlisha. Utando mpya unatengenezwa hadi leo na nimekwisha kuuagiza. Kwa sasa Mjomba anakikandamiza kibonye hicho kwa kidole gumba, kwa nguvu, na mstari wa 340 ameuandika mara nyingi kuliko alivyopenda.